Akiba Inayooza

Wazee walitufundisha kwamba akiba haiozi. Neno hilo tunaliheshimu, na mtu mwenye kudharau akiba tunaujua mwisho wake. Lakini iko akiba moja inayooza, tena inaoza ndani ya nyumba zetu, mbele ya macho yetu. Kila Jumamosi tunaipangusa vumbi, tukidhani kwamba tunaitunza. Akiba hiyo ni santuri za muziki: zile tunazoziweka kabatini, tunazowaonyesha wageni, na ambazo hatuzipigi.

Leo twataka kusema maneno magumu kidogo juu ya jambo hili. Msomaji akiona tumemgusa, asikasirike upesi. Sisi pia tumo.

Kabati lenye rafu tatu

Si siku nyingi tuliitwa katika parokia moja ya Katanga kusaidia kuhamisha vitu vya nyumba ya zamani ya mapadri, maana bati lilikuwa limetoboka na mvua ilikuwa ikiingia. Mlikuwa na vitanda, vitabu vilivyoliwa na mchwa, na kabati moja zuri la mbao nzito. Ndani ya kabati tulikuta santuri karibu 60. Aliyezipanga alikuwa mtu wa utaratibu. Kwenye rafu ya juu alibandika karatasi: «Muziki Mtakatifu». Katikati: «Muziki wa Ulaya». Chini kabisa, mahali maji ya mvua yalipofika: «Za Kienyeji na za Dansi».

Santuri za juu zilikuwa ndani ya majalada yao, safi kama siku ya kununuliwa. Za chini hazikuwa na majalada. Nyingine zimepinda, nyingine zimeota ukungu, nyingine karatasi ya katikati imebanduka, hata jina la mwimbaji halisomeki tena. Lakini tulipozitazama vizuri kwenye mwanga wa dirisha tuliona jambo la kushangaza. Zile za juu hazikuwa karibu na alama yoyote ya sindano. Zilikuwa hazijapigwa. Zile za chini zilipigwa sana siku za zamani, halafu mtu akaja, akabandika karatasi yake, na tangu siku hiyo hakuna aliyezigusa.

Basi za juu zilinyamazishwa kwa heshima, na za chini zilinyamazishwa kwa aibu. Lakini kimya ni kimya.

Misa yenye pande mbili

Katika rafu ya juu tuliikuta Missa Luba. Wasomaji wengi wanaijua kwa jina. Ni Misa iliyozaliwa kwetu, huko Kamina, katika kazi ya Padri Guido Haazen, Mfransisko wa Ubelgiji, na kwaya yake iliyoitwa Les Troubadours du Roi Baudouin: wavulana wapata 45, pamoja na walimu wapata 15. Iliimbwa katika Misa kwenye misioni ya Kamina tarehe 23 Machi 1958. Mwaka huohuo kwaya ilikwenda Ulaya, ikaimba hata katika Maonyesho Makubwa ya Bruxelles, na nyumba ya Philips ikaitia katika santuri. Haikutungwa mezani kwa kalamu na noti. Ilizaliwa katika kuimba: mmoja anaanza, wengine wanaitikia, ngoma inawaongoza.

Mzee mmoja katekista alikuwa pamoja nasi, ameketi juu ya sanduku. Tulimwuliza:

– Mzee, kwa nini santuri hii imewekwa juu kabisa?

– Kwa sababu ni Misa, wanangu. Misa haikai chini.

Tukaigeuza santuri, tukamsomea yaliyoandikwa upande wa pili. Kumbe, upande wa pili si Misa hata kidogo. Ni nyimbo za harusi, wimbo wa kutoka matanga, wimbo wa dansi, wimbo wa kazi, wimbo wa askari. Mzee alinyamaza kidogo, kisha akacheka mpaka akashika mbavu.

– Basi, akasema, upande mmoja ukae juu, na upande wa pili ukae chini! Leteni msumeno!

Wasomaji wapenzi, katika cheko lile yamo karibu yote tunayotaka kusema. Santuri ni moja. Waimbaji ni walewale, sauti ni zilezile, mikono inayopiga ngoma ni ileile. Watoto wale hawakubadilisha koo zao walipotoka katika Kyrie kwenda katika wimbo wa bibi arusi. Ni sisi tulioleta msumeno.

Tena ukiendelea kuchunguza, utaona kwamba msumeno hauwezi kupita hata katika upande wa Misa wenyewe. Kyrie yake inafuata namna ya kasala, utungo wa maombolezo wa watu wa Kasai. Sanctus yake ilitoka katika wimbo wa kuagana wa Waluba. Maana yake nini? Maana yake kwamba kama watu wa Kasai wasingelia marehemu wao kwa kasala, Kyrie ile isingekuwako. Rafu ya juu ililishwa na rafu ya chini. Mtoto amekalishwa kwenye kiti cha wageni, na mama aliyemzaa ameachwa sakafuni katika maji ya mvua.

Santuri isiyo na jina

Kijana mmoja, fundi wa redio, alitutengenezea gramafoni. Tulichukua santuri moja ya rafu ya chini, ile ambayo karatasi yake ilikuwa imebanduka. Tuliipangusa kwa kitambaa laini, tukaipiga. Ilitoa kelele kama mafuta yanayokaanga, na ndani ya kelele ile likatoka gita moja, na sauti ya mwanamume anayeimba kwa Kiswahili cha kwetu.

Mzee katekista aliinuka kwenye sanduku lake. Alisema: «Huyu ni mtu wa kambi za wachimbaji. Sikilizeni, anamtaja kapita wake. Wimbo huu waliuimba Jumamosi jioni, baada ya kupokea mishahara. Nimewahi kumwona mtu huyu. Alikuwa na kidole kimoja kibovu.» Tukachukua kalamu, tukamwuliza jina lake. Mzee alifikiri muda mrefu. Mwisho alisema: «Jina lake alilijua kaka yangu. Tulimzika kaka yangu miaka mitatu iliyopita.»

Miaka mitatu! Santuri ilikuwa kabatini muda wote huo, na kaka yake mzee alikaa hatua chache kutoka pale, akija kanisani kila Dominika. Kama mtu mmoja angaliipiga siku moja tu baada ya Misa, mlango ukiwa wazi, leo tungalikuwa na jina. Sasa hatunalo, na yamkini hatutalipata kamwe. Mwanamume yule aliimba, alitiwa katika santuri, santuri ikanunuliwa kwa falanga, ikatunzwa, na bado jina lake limepotea. Halikupotezwa na moto wala na vita. Limepotezwa na karatasi iliyobandikwa kwenye rafu.

Hapo ndipo tulipoona ubaya wa jambo lenyewe. Santuri inatunza sauti tu. Haitunzi maana ya sauti, wala jina la kijiji, wala sababu ya watu kucheka katikati ya wimbo. Mambo hayo yamo katika vichwa vya wazee, na vichwa vya wazee havina rafu. Santuri isipokutana na mzee wakati mzee angali hai, inabaki kama barua iliyoandikwa kwa lugha ambayo hakuna anayeisoma tena.

Sheria ya altare si sheria ya kabati

Wako watu watakaotujibu: «Je, mnataka kuchanganya mambo? Kanisa lina sheria zake juu ya muziki.» Ni kweli, na sisi hatuzikatai. Papa Pio X, katika barua yake ya mwaka 1903 juu ya muziki mtakatifu, alikataza kanisani piano na hata ngoma. Papa Pio XII aliandika tena juu ya muziki mtakatifu mwaka 1955, akazikumbuka nchi za misioni na nyimbo zake. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya tarehe 4 Desemba 1963 juu ya liturujia, ulitaka mapokeo ya muziki ya watu wa nchi hizo yaheshimiwe na kupewa nafasi yake, katika malezi yao ya dini na katika ibada pia. Na mwaka 1988 Roma ilikubali Misale ya Kiroma kwa majimbo ya Zaire, kama nchi yetu ilivyoitwa wakati ule. Basi, ngoma iliyokatazwa mwaka 1903 leo inapigwa kwenye Gloria, na hakuna anayeshtuka.

Angalieni jambo moja. Sheria hizi zote zinasema habari ya muziki wa ibada. Zinasema nini chafaa mbele ya altare. Hakuna hata moja iliyosema kwamba wimbo usiofaa mbele ya altare unyamazishwe nyumbani, uwekwe chini ya kabati na kuachiwa maji. Wimbo wa kulima haufai wakati wa Ekaristi. Je, kwa sababu hiyo hauna thamani? Jembe pia haliwekwi juu ya altare, lakini hakuna mkulima Mkristu anayelitupa mtoni. Sheria ya altare ni njema. Kosa letu ni kuichukua na kuifanya sheria ya kabati.

Tena tujipime kwa haki. Katika mwaka 1952 Bwana Hugh Tracey, mkusanyaji wa nyimbo za Afrika, alipita Jadotville, yaani Likasi ya leo, akazitia katika santuri nyimbo za kijana mpiga gita, Mwenda Jean-Bosco, mwenye asili ya Bunkeya. Vidole vyake vilisikika mbali. Wapiga gita wa Kenya walijaribu kumwiga. Alifariki mwaka 1990. Ni nyumba ngapi za Likasi ambamo watoto wanaweza kuusikia wimbo wake mmoja? Na rumba yetu, ambayo wengi wetu tuliiita muziki wa baa, ilitiwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa wanadamu wote mwezi wa Desemba 2021. Siku ile tulipiga vigelegele. Watu walewale waliozificha santuri za rumba walisema: «Hii ni yetu!» Ni yetu kweli. Lakini kwa nini tulingoja mgeni atuambie?

Kupanga si dhambi

Mtu asiseme kwamba tunapiga vita utaratibu. Mwenye kutupa santuri zake ovyo sakafuni hana ubora kuliko mwenye kuzipanga. Tunachouliza ni hiki: karatasi yako inauliza swali gani?

Mwaka 1914 wataalamu wawili, Erich von Hornbostel na Curt Sachs, walipanga vyombo vyote vya muziki vya dunia. Walifuata njia iliyoanzwa na Victor-Charles Mahillon, mtunzaji wa vyombo katika shule kuu ya muziki ya Bruxelles. Hawakuuliza: chombo hiki ni cha mstaarabu au cha mshenzi? Waliuliza: ndani yake ni kitu gani kinachotikisika hata sauti itoke? Wakapata mafungu manne: mwili wa chombo chenyewe, ngozi, uzi, au upepo. Matokeo yake ni ya kufurahisha. Kengele ya kanisa inakaa fungu moja na njuga za mchezaji na marimba. Piano ya bibi wa Ulaya inakaa na zeze na gita. Kinanda cha kanisa kuu kinakaa na filimbi ya mchunga mbuzi na pembe ya mwindaji. Swali la haki huleta jirani wa haki.

Sasa tazameni mfano mwingine. Mwaka 1987 wauzaji wa santuri walikutana katika baa moja ya London. Walikuwa na santuri za Afrika na za nchi nyingine, na wenye maduka hawakujua waziweke wapi. Wakakubaliana juu ya jina moja: «muziki wa dunia». Jina hilo liliwasaidia kuuza, na hatuwalaumu wauzaji kwa kuuza. Lakini linauliza swali gani? Linauliza tu: je, hawa ni wa kwetu au si wa kwetu? Kwa jina hilo mwombolezaji wa Kasai anawekwa pamoja na mpiga zumari wa Bulgaria, ingawa hawana jambo lolote la pamoja isipokuwa kwamba wote wawili hawakuzaliwa London.

Na ile karatasi yetu, «Za Kienyeji», inatofautianaje na hiyo? Mwenyeji aliyeandika «za kienyeji» juu ya nyimbo za mama yake amejifanya mgeni nyumbani mwake.

Majibu kwa wanaotupinga

Wa kwanza anasema: «Kila ukipiga santuri unaichakaza.» Ni kweli. Zile nzito za zamani, zinazozunguka mara 78 kwa dakika, zilitengenezwa kwa utomvu mgumu na unga wa mawe. Zinavunjika upesi, na sindano ya chuma inazila. Ndiyo maana watu wa zamani walibadilisha sindano kila upande. Zile za mara 33, zilizoanza kuuzwa mwaka 1948, ni za plastiki. Hazivunjiki upesi, lakini zikilazwa moja juu ya nyingine kwenye joto zinapinda kama chapati. Basi usipige kwa ujinga. Simamisha santuri wima, mbali na jua na ukuta wenye maji. Ondoa ukungu kabla ya kupiga. Tafuta sindano nzuri. Umwombe kijana mwenye kompyuta anakili sauti siku hiyohiyo. Lakini usiniambie kwamba unaiokoa kwa kutoisikia. Ukungu hauna haja ya sindano.

Wa pili anasema: «Siku hizi kila kitu kiko katika simu.» Sivyo. Yule mwimbaji wetu asiye na jina hayumo katika simu, kwa sababu hakuna aliyemtia humo. Na simu nayo ina rafu zake. Ulichosikiliza jana ndicho inachokuletea leo na kesho. Ni kama mpishi anayempikia mtu muhogo kila siku kwa sababu Jumatatu moja aliusifu.

Wa tatu ni mwenye hatari zaidi, maana anasema kwa upole: «Mimi naziheshimu mno santuri hizi, ndiyo sababu sizigusi.» Rafiki, tunakukumbusha yule mtumishi wa Injili aliyepewa talanta moja. Hakuiiba. Hakuilewea. Alichimba shimo, akaiweka, na siku ya hesabu akairudisha ikiwa nzima. Unakumbuka bwana wake alimwitaje.

Tufanye nini?

Hatupendi kukemea halafu tukaenda zetu. Tunaomba mambo manne, wala hayadai falanga nyingi.

Kwanza, bandueni karatasi za rafu. Mahali pake andikeni juu ya kila santuri majibu ya maswali haya: Nani anaimba? Ni wapi, na lini? Kwa lugha gani? Wimbo una kazi gani: kuabudu, kuoa, kulia, kulima, kubembeleza mtoto, kucheza? Mahali msipojua, acheni nafasi wazi. Nafasi wazi ni ya kweli kuliko karatasi ya uongo.

Pili, chagueni Dominika moja kila mwezi. Toeni zile ambazo hazikupigwa mwaka mzima, za juu na za chini pamoja, mzipige baada ya Misa mahali wazee wanapokaa. Wazee wakae mbele. Kijana mmoja awe na daftari.

Tatu, pigeni pande zote mbili. Mwenye kupiga Missa Luba asiishie kwenye Agnus Dei. Aigeuze santuri, awaache watoto wale wa Kamina waimbe na harusi.

Nne, wenye kwaya wasikilize kabla ya kutunga. Tunawasikia watungaji wengi wakilalamika kwamba hawapati sauti mpya. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Na kabati usilolifungua hujui wimbo wake.

Katika parokia ile kazi imeanza. Rafu ni zilezile tatu, lakini karatasi zimebanduliwa. Mzee katekista huja kila Alhamisi jioni na kuketi karibu na gramafoni. Daftari limefika ukurasa wa 11. Kwenye ukurasa wa kwanza, mbele ya neno «Nani anaimba?», nafasi imeachwa wazi kwa ajili ya yule mwenye kidole kibovu. Tunawaomba wasomaji wetu wazee wa kambi za wachimbaji: kama kati yenu yuko anayemkumbuka mtu wa namna hiyo, aliyepiga gita Jumamosi jioni baada ya mishahara, mwambieni mjukuu wenu ayaandike maneno yenu leo. Msingoje kesho. Kaka yake mzee alikuwa na kesho nyingi, nasi tukamwacha azikwe nalo.